Mtani Asiyecheka

"Mama Shukuru, maombi yako hayakupita. Imeonekana hufai."

Bi Dorice, afisa ustawi wa jamii aliyekuwa akishughulikia jambo langu, aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Kisha akasogeza kiti mbele kidogo, akasubiri nilie.

Sikulia. Nilikuwa bado natabasamu. Niliingia ofisini mle na tabasamu langu tayari, maana asubuhi nilitoka misani, nimevaa kitenge kipya, na Shukuru nilimwacha kwa jirani nikimwambia kwamba nikirudi nitakuwa mama yake hata mbele ya serikali. Tabasamu lile halikujua liende wapi. Likabaki pale mdomoni peke yake.

"Sifai nini?" niliuliza.

"Kumuasili mtoto, awe wako kisheria. Shukuru atarudi makao ya watoto siku ya Ijumaa. Tutakuja na gari, usihangaike na usafiri."

Usihangaike na usafiri. Maneno hayo yalinipiga kuliko yale ya kwanza. Nilishika kingo za kiti.

Mama mzazi wa Shukuru alikuwa akiparua samaki kwenye meza yangu hapa sokoni Mpanda. Alitoka Sibwesa peke yake na mimba yake, hakumtaja baba wa mtoto, na ugonjwa ulipomchukua hakuna ndugu aliyejitokeza. Ustawi wakampeleka mtoto makao. Nikawafuata huko huko, nikaomba, wakanipa kwanza kwa malezi ya muda. Mimi na marehemu mume wangu Stanslaus, Mungu hakutujalia mtoto. Shukuru alipofungua mdomo akaniita mama, soko zima likaacha kuniita Marselina.

"Bi Dorice, mwanangu, nimekosa nini?"

"Ulituambia unaishi peke yako."

"Naishi peke yangu. Mimi na mtoto na Mungu wangu."

Alinitazama kwa huruma iliyochanganyika na kuchoka. "Mama, nilikuja kwako bila taarifa, ndivyo kazi yetu ilivyo. Wewe ulikuwa sokoni. Nilimkuta mumeo juu ya paa la jiko, anapigilia bati."

"Mume wangu yuko makaburini."

"Nasema huyu wa sasa. Mrefu, ana pengo hapa mbele. Alivaa koti la suti, la kahawia, juani."

Koti lile nililijua mpaka kifungo kilichopungua. Na pengo lile nililijua zaidi.

"Akakwambiaje?"

"Nilimuuliza yeye ni nani hapo. Akasema, 'Mimi ndiye mwenye mji. Mwenye koti alifariki, nikarithi koti na mke.' Nikamuuliza habari za mtoto. Akasema, 'Mtoto ni mradi. Akikua kidogo anakwenda Inyonga kulinda mizinga ya nyuki, huyu mke wangu mvivu, samaki wenyewe wanamshinda.'"

Nikacheka.

Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti mle ofisini, kwa sababu niliyasikia maneno yale kama nilivyoyazoea kuyasikia, kwa sauti ya mwenyewe. Kisha nikaona Bi Dorice hacheki. Nikaacha.

"Huyo ni mtani wangu," nikasema haraka. "Anaitwa Valeriani, Mkonongo wa Inyonga, anauza asali sokoni. Mimi Mfipa. Hao ni watani zetu tangu enzi za babu. Kila Mfipa mwanamke kwake ni mke. Hata mama mkwe wangu anamwita mke wangu mkubwa."

"Mama, hata kwetu Masasi utani upo. Watani nawajua. Mtani anacheka. Yule hakucheka hata kidogo. Nilimuuliza mara ya pili, akanijibu yale yale na misumari iko mdomoni."

"Ndivyo alivyo."

"Na koti la marehemu?"

"Mtani akifiwa na mtani mwenzake anachukua nguo. Ni haki yake. Mama mkwe alimpa mwenyewe kwenye matanga."

Niliona anataka kuniamini, na niliona pia kwamba ameshawaamini wengi huko nyuma na mtoto akaja kuumia. Sikumchukia kwa hilo. Ningekuwa mimi, ningemlinda mtoto namna hiyo hiyo, hata dhidi yangu mwenyewe.

"Nataka kupinga," nikasema. Sijui ujasiri niliupata wapi, mimi wa darasa la saba.

"Kupinga kupo. Mkuu wangu, Bwana Lyamba, atakusikiliza Alhamisi. Ila huyo bwana uje naye, aseme kwa mdomo wake."

*

Meza yangu ya migebuka na dagaa wa Karema inatazamana na meza ya asali ya Valeriani. Kati yetu ni njia ya watu kupita, na miaka yote hiyo mtu hapiti bila kusikia kelele zake. Nikiuza, ananiita. Nisipouza, ananiita. Wateja wake anawaambia wanunue asali kwa wingi maana ana mke Mfipa anayekula kama jeshi. Nami namjibu kwamba Mkonongo ameng'atwa na nyuki kichwani mpaka akili zikavimba. Watu wanacheka, siku inakwenda.

Siku tuliyomzika Stanslaus, yeye ndiye aliyeruka akaingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chini, akasema hatoki mpaka aletewe kuku, maana Wafipa wamezoea kuzikiwa bure. Watu waliokuwa wakilia wakacheka machozi yakiwatoka. Hata mimi nilicheka. Ile ndiyo pumzi ya kwanza niliyovuta tangu mume wangu afumbe macho.

Sasa aliniona nakuja, akainua sauti kama kawaida.

"Mke wangu huyo. Kitenge kipya, na mimi mumewe sijaulizwa. Nani amekununulia, niende nikamsalimie?"

Nilisimama mbele ya meza yake. Alisubiri jibu langu, halipo. Akanitazama vizuri, na uso wake ukabadilika polepole.

"Marselina. Kuna nini?"

Hajawahi kuniita jina langu. Nafikiri ndiyo maana machozi yaliyokataa ofisini yakanitoka pale, mbele ya madumu ya asali na watu wote.

"Wanamchukua Shukuru," nikasema. "Ijumaa. Kwa maneno yako."

"Maneno yangu yapi?"

"Yule dada aliyekukuta kwangu siku unatengeneza bati. Uliyemwambia umenirithi. Uliyemwambia mtoto ni mradi."

Aliketi juu ya dumu taratibu. "Yule si ndugu yenu wa Namanyere?"

"Namanyere ya wapi?"

"Alikuja na mkoba, akasalimia kwa adabu, akaulizia mwenye nyumba na mtoto. Nikasema moyoni huyu ni wifi yako, Mfipa, ametoka nyumbani, amekuja kukagua tunavyoishi. Nikasema ngoja nimkaribishe kitani. Mimi nilijua naye atanirudishia." Alishika kichwa. "Akaaga tu. Nikajisemea, huyu Mfipa mpole kweli."

"Ni afisa ustawi, Valeriani. Ametoka Masasi. Alikuwa anakuuliza kikazi."

"Mungu wangu."

"Ungecheka basi. Ungecheka hata kidogo ajue."

"Utani ukicheka umeuharibu." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama mtoto anayejitetea. Kisha akasema, "Mimi na huyo mtoto... mimi ndiye ninayemlambisha asali kila asubuhi. Mimi nimpeleke porini?"

"Nalijua mimi. Wao hawajui."

Mteja mmoja alikuja kuulizia asali ya nusu lita, akatuona, akaondoka.

"Alhamisi twende wote," nikamwambia. "Useme ukweli. Ukweli mtupu, lisitoke hata neno moja la utani. Nakuapisha kwa jina la Bikira Maria."

"Ukweli mtupu?"

"Mtupu."

"Wote?"

"Wote. Ukificha hata kidogo watajua, na mtoto wangu amekwenda."

Alinitazama. Macho yake nimeyaona kila siku yakiwa yamejaa ujanja wa kutafuta neno la kunichokoza. Siku ile hayakuwa na ujanja wowote. Niliyaangalia kidogo tu, nikageukia samaki wangu, nikaanza kupanga migebuka iliyokuwa imepangika tayari.

*

Mama mkwe alifika Jumatano kwa basi. Nilimpigia simu nikamwambia aje aseme habari ya koti. Alikunywa uji wake wote kwanza, kisha akasukuma kikombe pembeni.

"Sasa niambie, mkwe wangu, kabla sijakwenda kuaibika mbele ya serikali. Kuna kitu kati yenu?"

"Hakuna, mama."

"Nauliza kwa sababu bati la jiko halikuruka leo. Kuna mafundi Mpanda hii, kwa nini yeye?"

"Alijitolea tu. Wala ndani haingii. Anafanya kazi yake, anakunywa maji akiwa amesimama, anaondoka."

"Anakunywa maji amesimama," alirudia, kana kwamba hilo ndilo baya zaidi. "Mimi sikatai mtoto. Mtoto nimempenda. Lakini mwanangu alikuwa mtu wa heshima mji huu. Sitaki kusikia mtani amepita mlango ambao ndugu zake hawajapita."

"Hutasikia, mama."

Shukuru alikuwa amekaa mapajani mwake, anachezea rozari yake. Nilisema vile nikiamini ninasema kweli. Mikono yangu haikuwa na kosa, na mlango wangu haukuwa na kosa. Moyo sikuwa nimeuuliza. Mjane hujifunza kutouliza vitu fulani.

*

Bwana Lyamba alikuwa mwanaume wa makamo mwenye miwani, mtu wa maneno machache. Tulikaa mbele yake kwenye benchi: mimi, mama mkwe, halafu Valeriani mwisho kabisa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Bi Dorice alikaa pembeni.

Mama mkwe alisema habari ya matanga na koti. Alisema vizuri, bila kupamba. Bwana Lyamba akaitikia kwa kichwa. Yeye ni mtu wa huku huku, koti halikumpa shida.

"Sasa wewe bwana," akasema. "Ulimwambia afisa wangu umemrithi huyu mama. Umemrithi?"

"Sijamrithi. Nilikuwa natania, nikidhani ni wifi yake."

"Unalala kwake?"

"Hapana. Hata kizingiti sijavuka."

"Na mtoto kulinda nyuki?"

"Mzee, mizinga yangu inalindwa na nyuki wenyewe." Akashtuka mwenyewe, akanitazama kwa hofu. "Nisameheni. Hapana. Mtoto sina mpango wa kumtuma popote. Yule mtoto akikohoa tu mimi sili."

Bi Dorice aliinamisha uso, na nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilishamwona Shukuru amelala kitandani kwetu Ijumaa usiku, na Jumamosi, na siku zote.

Bwana Lyamba alivua miwani akaifuta. Aliuliza la mwisho kama mtu anayefunga mlango tu, bila kutegemea kitu. "Kwa hiyo huna nia yoyote na huyu mama."

Ilibaki kusema hapana tu. Neno moja fupi, na sote tungeinuka.

Valeriani hakulisema.

Nilingoja. Mama mkwe akageuza shingo. Nje kulikuwa na mtu anajaribu kuwasha pikipiki, inakataa, anajaribu tena.

"Bwana," alisema Lyamba, "umenisikia?"

"Nimekusikia, mzee. Huyu mama aliniapisha kwa Bikira Maria nije niseme ukweli wote." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nia ninayo."

Nilihisi benchi linazama. Niliona mdomo wa Bi Dorice umefunguka. Mama mkwe alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Tangu lini?" Lyamba aliuliza.

"Siwezi kusema tangu lini. Nilikuwa namwita mke wangu kama ninavyowaita Wafipa wote. Siku moja nikasikia wengine nawatania, huyu simtanii. Sikumwambia. Ningemwambia angedhani ni utani, na mimi sina namna nyingine ya kuongea. Mzee, yeye hajui lolote. Kosa liandikwe kwangu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka kumpiga. Nilitaka, na hili naliandika huku nimeinamisha uso, nilitaka aendelee kusema.

Bwana Lyamba akanigeukia. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Sasa umejua. Unasemaje?"

Jibu la usalama lilikuwa mbele yangu, mtu yeyote angeliona. Simtaki. Nikilisema hilo, mimi ni mjane asiye na mwanaume, kama nilivyoandikisha, na mtoto ni wangu. Nilifungua mdomo nilitoe. Nikamwona Valeriani, shati lake jeupe, anangoja nimkane, na ameshanisamehe kabla sijamkana. Na mimi ndiye niliyemwapisha. Ningewezaje kumdai mwenzangu ukweli wote halafu mimi nitoe nusu, kwa jina lile lile?

"Mimi nimekuja hapa kwa ajili ya Shukuru," nikasema. "Mkiniambia nichague, nachagua mtoto. Sifikirii mara mbili. Valeriani mwenyewe anajua. Lakini mkiniuliza kama moyo wangu haumo kabisa, hapo nitakuwa nadanganya. Na nimeitwa muongo ofisini humu wiki hii nikiwa sijadanganya. Sitaki nianze leo."

Nilifumba macho nikaanza Salamu Maria, na katikati nikasahau maneno niliyoyajua tangu utoto.

"Bi Dorice," Lyamba alisema hatimaye, "lile la uongo lifutwe. Lile la nyuki lifutwe. Mtoto abaki alipo."

Nilifumbua macho.

"Sijamaliza. Nimesikia jambo jipya, siwezi kujifanya kiziwi. Mama ameomba peke yake, ataendelea peke yake, na Bi Dorice ataanza uchunguzi upya. Mpaka shauri liishe mahakamani, wewe bwana hukanyagi uani kwake. Hutengenezi bati. Humwiti njiani, humtanii, hata kwa mbali. Nikisikia mmeonekana kama mume na mke, hukumu ya kwanza inarudi. Mtoto akishakuwa wake kisheria, yaliyobaki ni yenu na padri wenu. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Valeriani.

"Inaweza kuchukua muda mrefu."

"Nimeelewa, mzee."

Aliinuka wa kwanza, akampa mkono mama mkwe, naye hakuupokea. Mimi hakunipa. Alitoka.

Nje, mama mkwe alitembea mbele yangu mpaka tulipofika kwenye kivuli cha ukuta. Hapo akasimama.

"Uliniambia hakuna kitu."

"Nilikuambia nilichokuwa nakijua, mama."

"Mtani anarithi koti. Sijasikia popote anarithi mke."

"Hajarithi. Amesema nia yake."

"Amesema kwa serikali." Alijifunga khanga upya, kwa hasira. "Kwangu sijaona mshenga. Sijaona mtu yeyote kwangu." Akaanza kutembea tena. Nilimfuata nyuma, na nikiwa nyuma vile ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amesema hapana.

*

Jumamosi nilifungua meza yangu. Shukuru alikuwa mgongoni, amelala. Ng'ambo ya njia Valeriani alikuwa anapanga chupa. Aliniona. Najua aliniona, maana mkono wake ulisimama na chupa hewani. Kisha akaiweka mahali pake na kuchukua nyingine.

Hakuniita.

Sikuwahi kujua soko letu lina kimya kikubwa namna ile. Nilisikia visu vya wauza nyama, nikasikia nzi, nikasikia redio ya kinyozi, vitu ambavyo kumbe miaka yote vilikuwepo chini ya sauti yake. Wateja walikuja kwake, akawapimia, akashukuru. Wengine walisogea wakisubiri kelele, hazikuja, wakaondoka wamekunja nyuso. Mimi nilipanga samaki. Sikuinua uso tena, na bado nilijua kila alipohamisha mguu.

Mchana, mama mmoja anayeuza mchele wa Usevya aliniinamia mezani.

"Mama Shukuru, mtani wako ana nini leo? Tangu asubuhi hajafungua mdomo. Anaumwa?"

Nilimtazama Valeriani. Alikuwa amegeukia upande wa pili, mgongo umenyooka, anafuta chupa iliyokuwa safi.

"Haumwi," nikasema. "Anaposa."